3D imekufa au imelala? TV niliyonunua 2012 imebaki ya kawaida tu

#1 — MtuWaTandika
Wakuu, salaam.

Mwaka 2012 nilipokea upatu, nikaingia Kariakoo nikanunua TV ya 3D inchi 42, na miwani minne ndani ya boksi. Muuzaji aliniapia kwamba baada ya miaka mitano kila TV itakuwa hivyo, na mpira wa Ulaya wote utaonyeshwa kwa 3D. Nilipewa na diski mbili, tukaziangalia mpaka zikachubuka. Baada ya hapo, kimya. Leo nikizunguka madukani sioni hata TV moja ya 3D, fundi wangu ananishangaa nikiulizia.

Lakini upande mwingine nasoma kila wiki kwamba burudani ya pande tatu ni soko linalokua. Soko lipi hilo? Nani aliiua 3D ya sebuleni, na itarudi? Nauliza kwa dhati. Binti yangu wa miaka 7 ameikuta ile miwani kabatini na anataka kujua ni ya nini.

#2 — Kibwana Mdogo
Miwani, mkuu. Usitafute mchawi mwingine.

Kwetu TV ni ya watu wote. Siku ya Simba na Yanga sebuleni wapo kumi na watano, watatu kati yao huwajui walikoingilia. Miwani minne! Asiyevaa anaona picha mbilimbili, anaanza kusugua macho. Mgeni akija unamwambiaje, subiri zamu? Kitu hicho kilitengenezwa kwa ajili ya familia ya watu wanne wasiotembelewa.

#3 — Fundi Solda
Naongezea la kiufundi. TV za 3D ziliingia kwa kishindo mwaka 2010, Samsung, Sony, Panasonic na LG wakashindana. Tatizo kila mtu alikuja na miwani yake. Ya Samsung haikubali kwa Sony. Ukipoteza moja unalipia hela ya kuku wanne. Samsung wakaacha 2013, wengine wakafuata.

#4 — Mama Kiduku
Fundi, hapo pa Samsung rekebisha. Waliendelea mpaka 2016 ndipo wakaondoa 3D kwenye TV zao mpya. LG na Sony walimalizia 2017. Kilichokufa 2013 ni chaneli. ESPN 3D huko Marekani ilizinduliwa na mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia, Afrika Kusini na Mexico, 11 Juni 2010, ikafungwa 2013. BBC nao mwaka huo huo wakasimamisha vipindi vyao vya 3D. Sky 3D ya Uingereza ikafuata 2015.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na Kibwana. Watu walivumilia miwani. Walichokosa ni cha kutazama.

#5 — Kibwana Mdogo
Dada, sasa kwa nini chaneli zilifungwa kama si kwa sababu watu hawakuvaa miwani?

#6 — Mama Kiduku
Kwa sababu ya gharama. Kurusha mpira kwa 3D kulitaka kamera zake peke yake, zenye lenzi mbili kila moja. Unalipa mara mbili kwa mechi ileile. Na mpira wenyewe haufai sana kwa 3D. Macho yetu yameachana kama sentimita sita na nusu tu, ndiyo maana kitu kilicho karibu tunakiona kwa kina, kilicho mbali sana kinaonekana bapa. Kamera ya mpira iko juu jukwaani. Uwanja mzima unakuwa kama meza yenye sisimizi. Ukitaka kina lazima ushushe kamera chini karibu na kona, na hapo huoni tena mpangilio wa timu. Ndondi zinapendeza kwa 3D. Mpira, hapana.

#7 — Fundi Solda
Asante kwa sahihisho #4, nilichanganya miaka.

#8 — Yule wa Kinondoni
Mnazunguka mbuyu. 3D ni kitu cha filamu moja tu, Avatar ya James Cameron, Desemba 2009. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya 3D duniani, ilipiga hela ambayo haijawahi kupigwa, kila mtu akadhani na yeye anaweza. Baada ya hapo zikaja takataka.

#9 — Mtaita Halisi
Kinondoni, ya kwanza? Shikamoo zake ziwafikie wazee waliotangulia.

Watu walishavaa miwani ya rangi mbili Los Angeles mwaka 1922. Na mwaka 1952 ilitoka filamu iliyoanzisha homa kubwa ya kwanza ya 3D Hollywood, na jina lake lina neno la Kiswahili: Bwana Devil. Hadithi yenyewe ni ya huku kwetu, simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, mpaka Patterson, mhandisi wa reli hiyo, alipowaua wote wawili Desemba ile. Mimi nimezaliwa Voi, hadithi hiyo tumeisikia kwa babu kabla hatujajua kuna filamu. Wamarekani walijipanga foleni kuona simba wa Taita akiwarukia usoni. Ile picha maarufu ya jarida la Life, ukumbi mzima watu wamevaa miwani ya karatasi, ilipigwa kwenye filamu hiyo.

Sasa angalieni: homa ya 1952 ilipoa ndani ya miaka michache. Ikarudi mwanzoni mwa miaka ya 80, ikapoa. Ikarudi 2009. Mtu asiniambie imekufa. Ina tabia ya kulala kama miaka thelathini.

#10 — Chicago Baridi
Mtaita, hao simba nimewaona kwa macho yangu. Wako makumbusho ya Field Museum hapa Chicago, tangu miaka ya 1920. Hawana manyoya ya shingoni, ukiwaona unadhani majike. Niliwapeleka wanangu, nikawaambia hawa walikula watu wa nyumbani. Walinyamaza kabisa.

#11 — Mtaita Halisi
Warudishwe! Lakini hilo lina uzi wake.

#12 — Sinema Avalon
Mimi ni mzee wa kwenda sinema, tangu zile za mjini Posta na ile ya magari pale Msasani. Nakubali historia ya Mtaita ila sikubali sababu. 3D haikulala yenyewe. Iliuawa na tamaa.

Mwaka 2010 tiketi za 3D Marekani na Kanada zilileta dola bilioni 2.2, kama asilimia 21 ya mapato yote ya kumbi. Tiketi ya 3D ilikuwa ghali zaidi kwa dola tatu au nne, kwa hiyo kila mtayarishaji akataka. Wakaanza kuchukua filamu iliyopigwa kawaida na kuigeuza kwa kompyuta. Clash of the Titans waliigeuza kwa wiki kama kumi hivi. Nywele zinaelea mbali na kichwa, uso bapa kama wa karata. Mtazamaji alilipa zaidi akapewa kitu kibovu, safari iliyofuata akachagua ya kawaida.

Na kuna jambo la mwanga. Ile miwani inakula mwanga mwingi sana. Mwenye ukumbi akibania taa ya projekta, unatazama filamu ya usiku ndani ya usiku. Nilishatoka ukumbi mmoja (sitautaja) sijui hata nani alimuua nani.

Lakini kumbi zilibaki na faida moja kubwa. Ili kuonyesha 3D ilibidi wanunue projekta za kidijiti, na hizo ndizo zilizofukuza mikanda ya 35mm. 3D ilikuwa mshenga. Harusi ilikuwa ya dijiti.

#13 — Otieno wa Mama Ngina
Mzee Avalon umenena. Hapa Nairobi tuko na IMAX, ukumbi wa skrini kubwa kabisa, pale 20th Century, Mama Ngina Street. Desemba 2022 niliingia kuona ile Avatar ya pili, ya maji. Bwana! Ukumbi ulikuwa umejaa, na hakuna mtu alilalamika juu ya miwani. Samaki walikuwa wanapita hapa kando ya sikio. Filamu hiyo ilipita dola bilioni 2 duniani. Kwa hivyo mtu akiambiwa soko limekufa, zile bilioni mbili zilitoka wapi?

#14 — Yule wa Kinondoni
Otieno unanisaidia hoja yangu bila kujua. Filamu ya mtu yuleyule! Nitajie nyingine ambayo umeenda kwa sababu ya 3D.

#15 — Otieno wa Mama Ngina
Gravity, 2013. Nilishika kiti.

#16 — Yule wa Kinondoni
Haya, mbili.

#17 — Swahiba Maskati
Assalaam alaykum. Mnajadili TV na sinema, soko lenyewe limeshahama. Mie niko Maskati, nyumbani tuna Quest 2, kifaa cha kuvaa kichwani chenye skrini mbele ya macho, ilitoka 2020 kwa dola 299. Ndani ya kile kidude kila jicho lina picha yake, hakuna kugawana mwanga, filamu ya 3D inaonekana safi kuliko ukumbi wowote. Apple nao walitoa cha kwao, Vision Pro, Februari 2024. Hiyo ndiyo 3D ya kesho. Jina tu limebadilika.

#18 — Kibwana Mdogo
Dola 3,499, Swahiba. Hapo hapo kodi ya nyumba ya mtu Mbagala miaka mingapi?

Halafu tumetoka kwenye miwani nyepesi mnatuletea ndoo ya kichwani. Kama watu walikataa kugawana miwani minne, watakubali mtu mmoja avae kile kitu wengine wakae wanamwangalia anavyopapasa hewa?

#19 — Mhasibu Kimya
Swahiba, tuangalie vitabu. Facebook waliinunua Oculus, kampuni iliyozaa hiyo Quest, mwaka 2014 kwa dola bilioni 2. Mwaka 2021 wakabadilisha hata jina la kampuni kuwa Meta. Kitengo chao cha mambo hayo kilipata hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka 2022, na 16.1 mwaka 2023. Soko linaloitwa linakua huku mkubwa wake anapoteza hela namna hiyo, mimi ningeliita shamba ambalo bado linapandwa. Linaweza kuzaa. Wanaotangaza ukuaji wengi wanahesabu mbegu.

#20 — Swahiba Maskati
Shamba la mnazi halizai mwaka wa kwanza, Mhasibu.

#21 — DogoGemu
Wakubwa mmesahau gemu. Nintendo 3DS, 2011, ilionyesha 3D bila miwani kabisa! Ikafeli. Kwa hiyo hoja ya miwani imekufa.

#22 — Mama Kiduku
Dogo, haikufeli. Iliuza karibu milioni 76 mpaka ilipoachwa 2020. Ilianza vibaya, bei wakaishusha kutoka dola 249.99 hadi 169.99 kabla hata mwaka haujaisha, ndipo ikapaa. Lakini una hoja ndani yake. Mwaka 2013 wakatoa 2DS, kifaa kilekile bila 3D, na watu wakanunua. Walifuata gemu. Kwenye 3DS kulikuwa na kitufe cha kupunguza kina, wengi wakakishusha hadi chini wakaacha hapo.

#23 — DogoGemu
Mimi pia nilikuwa nakishusha. Kichwa kilikuwa kinaniuma.

#24 — MtuWaTandika
Wakuu, mmenipa shule. Leo Jumamosi nimeichaji miwani, miwili imekubali. Nikaweka ile diski iliyobaki nzima. Mimi naona samaki wametoka nje kama zamani. Mama watoto pia. Binti yangu amevaa miwani ileile niliyovaa mimi, anasema haoni kitu chochote kimetoka, ni picha tu, na ina giza. Nikambadilishia, bado. Miwani imeharibika au TV?

#25 — Yule wa Kinondoni
Mtoto ameshazoea simu, hashangazwi na kitu 😄

#26 — Nesi wa Macho
Kinondoni, ngoja kidogo. Mleta mada, nisikilize mimi, nafanya kazi kitengo cha macho.

Kama wewe umeivaa ileile ukaona, miwani ni nzima. 3D inafanya kazi kwa ubongo kuunganisha picha mbili, moja ya kila jicho. Mtoto ambaye jicho lake moja ni dhaifu, ubongo hulizoea kulipuuza, anaishi na la pili. Hasemi, kwa sababu hajawahi kuona tofauti. Darasani anasoma, anacheza, hamjui. Fanya hivi: mzibe jicho moja kwa kiganja chako, asome herufi za kalenda ukutani. Kisha jicho la pili. Usimuulize unaona, mwambie asome.

Dogo #23, yako ni nyingine. Kwenye skrini ya 3D macho yanalenga mahali kitu kinapoonekana kiko, mbele ya kioo, lakini lenzi ya jicho inabidi iendelee kufokasi kwenye kioo chenyewe. Maisha yote mambo hayo mawili huenda pamoja. Ukiyatenganisha kwa saa mbili, kichwa kinadai. Hata hizo za Swahiba zina shida hiyohiyo. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote mlizotaja, na bei haiwezi kuitatua.

#27 — Sinema Avalon
Nesi umenikumbusha. House of Wax ya 1953, moja ya filamu za 3D zilizopendwa sana wakati ule, aliyeiongoza André de Toth alikuwa na jicho moja. Hakuweza kuiona 3D aliyoitengeneza.

#28 — Pixel wa Arusha
Naingia kama mtu ninayekula kwa 3D. Mnachanganya vitu viwili. Kuna 3D ya kutokeza, ya miwani. Na kuna 3D ya kuchonga kwenye kompyuta, ambayo unaitazama hata kwa simu ya kitochi kama ingekuwa na kioo kikubwa. Mtu akikwambia soko linakua, mara nyingi anazungumzia hii ya pili: katuni, gemu, matangazo.

Nawaambia lililopo mtaani. Kazi zangu nyingi ni ramani za nyumba. Mtu yuko Marekani au Uarabuni, ananunua kiwanja Kigamboni, anataka aione nyumba kabla ya msingi, na gari mlangoni, na mti wa mwembe. Baada ya hapo ni matangazo. Katuni ndefu naiota, naifanya usiku.

Kwa nini isiwe ya kutokeza? Sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Ukitaka ya macho mawili, ni 48. Kompyuta yangu fremu moja nzuri inachukua dakika kadhaa, na umeme ukikatika katikati ndiyo hivyo tena. Siwezi kuzidisha mateso mara mbili kwa ajili ya watu wanaoshusha kitufe.

Lakini nina matumaini, na nitasema kwa nini. Programu ninayotumia, Blender, ni ya bure. Filamu ya Latvia, Flow, imetengenezwa kwa Blender hiyohiyo, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Latvia ina watu chini ya milioni mbili! Na 2023 Disney+ walitoa mkusanyiko wa katuni fupi za Kiafrika wakaupa jina la Kiswahili kabisa, Kizazi Moto, ndani yake kuna Mkenya na Mganda. Mtanzania sikumwona. Hilo linaniuma.

#29 — Mhasibu Kimya
Pixel, swali. Nani atalipa? Flow ilipata hela za serikali na za ushirikiano wa nchi za Ulaya. Programu ya bure haikulishi miaka mitano.

#30 — Pixel wa Arusha
Kweli. Hapo sina jibu. Ila watoto wa hapa wanaotazama katuni kwa Kiswahili wapo mamilioni, na Ubongo Kids wameanza 2014 wako hai mpaka leo, kwa picha bapa.

#31 — Mkwe wa London
Kesho ni ya bila miwani. Nilikwenda ABBA Voyage, onyesho la bendi ya zamani ya ABBA, hapa London, ilianza Mei 2022. Wazee wale wanaonekana vijana wanacheza jukwaani, hologramu kamili, picha ya mwanga iliyosimama hewani. Watu walilia. Hata marehemu Tupac alirudishwa 2012 kwa hologramu kwenye tamasha la Coachella. Fikirieni Bi Kidude namna hiyo, Ngome Kongwe.

#32 — Fundi Solda
Leo zamu yangu kusahihisha. Yote mawili si hologramu. ABBA ni skrini kubwa sana ya LED, bapa, ila taa za ukumbi zimepangwa kwa ustadi mpaka macho yanadanganyika. Ya Tupac ni ujanja wa kioo kilicholala mshazari unaoakisi picha, ulionyeshwa London tangu 1862 na bwana anaitwa Pepper.

#33 — Binti Makunduchi
Bi Kidude mwacheni apumzike. Aliimba kwa pumzi yake.

#34 — Mkwe wa London
Nimekuelewa, bibie. Samahani.

#35 — Kibwana Mdogo
Na zile za Sabasaba wanazoandika 9D? Kiti kinatikisika, maji yanarushwa usoni.

#36 — Fundi Solda
Ni 3D ileile na kiti. Kila wakiongeza feni wanaongeza D.

#37 — MtuWaTandika
Nesi wa Macho, sijui nikushukuru vipi.

Nilimziba jicho la kushoto, hakuweza kusoma hata namba kubwa za tarehe. Alidhani namtania. La kulia nikaliziba, akasoma mpaka jina la kiwanda cha uchapaji pale chini. Miaka saba nimelala naye nyumba moja sikujua. Mwalimu hakujua. Jumatatu tumekwenda, wamempima, wamempa miwani ya kawaida na kitambaa cha kuziba lile jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Wamesema umri wake bado unaruhusu.

#38 — Nesi wa Macho
Alhamdulillah. Saa alizopewa azimalize kila siku, hata akilia. Akiwa amezibwa mpe kitu anachokipenda: kuchora, kuchambua mchele, gemu ya simu. Na tarehe ya kurudi msiiruke.

#39 — Yule wa Kinondoni
Mkuu, nifutie kauli yangu #25. Pole sana, na hongera.

#40 — Mtaita Halisi
Mleta mada, hizo TV za miwani ya chaji betri zake zinakufa moja moja. Si unaweza kutumia ile ya sinema, ya plastiki? Ninayo sita nyumbani.

#41 — Fundi Solda
Haitakubali. Ya sinema hiyo inafanya kazi kwenye TV zisizotumia miwani ya betri, kama LG nyingi. Yake inafungua na kufunga kila jicho kwa zamu, inahitaji ishara kutoka kwenye TV. Mkuu, niletee ile miwili iliyokufa. Kama ni betri tu naifungua, bei ya betri, kazi bure.

#42 — MtuWaTandika
Niko Tandika sokoni karibu na kituo cha daladala. Wewe unapatikana wapi?

#43 — Fundi Solda
Gerezani. Njoo PM nikuelekeze. Njoo na chaja yake.